Reli Mbili za Voi na Swali la Njia ya Taveta

Mtu akitaja "reli" mjini Voi, msikilizaji hana budi kuuliza: ipi?

Ipo ile mpya ya kisasa, SGR, inayopitisha treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, yenye stesheni kubwa nje ya kitovu cha mji. Ipo ile kongwe ya upana wa mita moja, ambayo wajenzi wake walipita hapa mwishoni mwa karne ya 19 wakilifuata Ziwa Victoria, na stesheni yake imo mjini. Na ipo ya tatu, inayochepuka kutoka hiyo kongwe na kushika magharibi: Mwatate, Bura, Maktau, Taveta, kisha ng'ambo ya mpaka hadi Kahe nchini Tanzania. Kutoka Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110. Kwa miaka mingi njia hiyo haijapitisha treni ya abiria, na jina lake husikika zaidi majira ya kampeni.

Hiyo ya tatu ndiyo inayowachanganya watu. Kiongozi akipanda jukwaani na kutangaza kwamba reli ya Taveta itafufuliwa, mwenye kuuza ndizi husikia mabehewa ya mizigo, mwenye hoteli kando ya mbuga ya Tsavo husikia garimoshi la mvuke lililojaa watalii, na kijana wa Mwatate husikia ajira za ujenzi wa SGR. Wote hupiga makofi, kila mmoja kwa reli yake. Kukarabati njia ya zamani, kuigeuza ya urithi na kujenga mpya ni kazi tatu zenye gharama tofauti, wenye nazo tofauti na wanufaika tofauti. Tena ukiifanya moja vibaya unaweza kuzifungia mlango nyingine mbili.

Njia iliyozaliwa vitani

Reli nyingi za Afrika Mashariki zilijengwa kufuata mali: pamba, kahawa, mkonge, shaba. Ya Voi na Taveta ilijengwa kumfuata adui. Tarehe 15 Agosti 1914, siku kumi na moja tu baada ya Uingereza kuingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, askari wa upande wa Wajerumani walivuka mpaka na kuiteka Taveta. Vikundi vyao vidogo vikawa vinapenya nyikani kwenda kuitega baruti reli ya Uganda, yaani hiyo kongwe ya Voi.

Waingereza wakabaini kwamba jeshi kubwa haliwezi kuvuka nyika ile kavu kwa miguu bila maji. Mwaka 1915 vikosi vya wahandisi wa reli kutoka India vikaanza kutandika njia kutoka Voi. Kufikia katikati ya mwaka huo reli ilikuwa Maktau, na bomba la maji lilikuwa limeteremshwa kutoka milima ya Bura. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza na Waafrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata, tarehe 11 na 12 Machi, mapigano ya Latema na Reata yakawafungulia njia ya kuingia Kilimanjaro. Kabla mwaka haujaisha, reli ya Voi ilikuwa imeungana na ile ya Usambara, ambayo Wajerumani waliijenga kutoka Tanga hadi Moshi.

Asili hiyo bado inaonekana ardhini. Wanajeshi walitaka kufika upesi, hawakuwa wakijengea wajukuu. Njia ilifuata ardhi ilivyo, ikapanda kutoka Voi hadi Maktau na kuteremka tena kuelekea Taveta, na vituo vikawekwa palipofaa kambi. Wundanyi na vijiji vya milimani, ambako ndiko Wataita wengi walikuwa wakiishi, vilibaki vikiitazama reli kutoka juu.

Amani iliporudi, njia ya kijeshi ikapewa kazi ya kiraia. Ilibeba mkonge wa Mwatate na wa Taveta, na ikaipa Kilimanjaro bandari ya pili: shehena ya Moshi iliyokuwa ikishukia Tanga peke yake sasa iliweza kushukia Mombasa kupitia Voi. Safari zote mbili zina urefu wa kati ya kilomita 300 na 400, kwa hiyo ushindani ulikuwa wa kweli, na wafanyabiashara wa Tanga hawakuufurahia. Jambo hilo si la kupitwa haraka, kwani litarudi mbele.

Ilivyonyamaza

Wengi husema reli ya Taveta iliuawa na malori. Malori yalikuja kumalizia tu. Pigo la kwanza lilikuwa la kisiasa: mwezi Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likagawanywa vipande. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka zaidi ya sita, njia iliyoishi kwa kuunganisha mitandao miwili ikawa mkia usiofika popote. Taveta iligeuka kutoka kituo cha njiani hadi mwisho wa reli.

Njia ya tawi ikipoteza mizigo ya kupita, haibakiwi na mengi. Shirika lililobanwa na fedha hukata kwanza matengenezo ya matawi ili shina liendelee. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli za Kenya na Uganda ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, na fedha zilikuwa katika njia ya Mombasa hadi Kampala, wala si katika nyika ya Maktau. Mkataba huo ulivunjwa mwaka 2017. Wakati huo SGR ilikuwa tayari, na treni ya zamani ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa ilikuwa imekwisha kuondolewa mwishoni mwa Aprili. Voi ikawa na reli mpya inayoipita kwa kasi, na mbili za zamani zisizo na treni ya abiria.

Urithi: wa nani, na nani ataulipia

Hoja ya kwanza inasema: igeuzeni njia ya Taveta kuwa reli ya urithi. Malighafi ipo, wala haikubuniwa na mawakala wa utalii. Njia inapita katikati ya uwanja wa vita, na Salaita, Latema na Reata vinaonekana kwa macho. Katika makaburi ya Voi amelala Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia aliyepewa nishani ya Victoria Cross baada ya kuuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Hoteli ya Sarova Taita Hills ina maonyesho yake ya vita hivyo. Pembeni zipo Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na hadithi ya simba waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, ambayo imesimuliwa hadi imechosha.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba urithi wa reli usipotunzwa hupotea kabisa. Mombasa ni shahidi. Kuanzia miaka ya 1890 mji huo ulikuwa na troli, vigari vidogo vyenye benchi na kitambaa cha kukinga jua, vikisukumwa na wanaume kwa mikono juu ya reli nyembamba zenye upana wa kama sentimita 60. Chuma chake kilitokana na jaribio la kampuni ya Imperial British East Africa (IBEA), iliyoanza kutandika reli kuelekea bara mwaka 1890 ikaishia kilomita chache tu. Wakubwa walikuwa na njia za kando zinazoingia hadi milangoni mwao, na wasukumaji wao. Kufikia miaka ya 1920 magari ya mafuta yalikuwa yakizisukuma troli nje. Leo zimebaki katika picha. Ndizo zilizokaribia zaidi kuwa tramu katika pwani ya Kenya, na hakuna aliyehifadhi hata nusu kilomita yake. Zanzibar nayo ilikuwa na treni yake ya Bububu tangu mwaka 1905, na reli zake zimeng'olewa zamani.

Hata hivyo, hoja ya urithi ina udhaifu wa aina mbili.

Wa kwanza ni hesabu. Eritrea, baada ya uhuru wa mwaka 1993, iliamua kuirudisha reli ya Waitaliano kutoka Massawa hadi Asmara, kilomita 118 za milima na mahandaki. Wazee waliostaafu waliitwa kutoka nyumbani, wakafufua injini za mvuke kwa mikono yao, na mwaka 2003 njia ikakamilika. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini mizigo ya Massawa iliendelea kupanda milima kwa malori, na treni ikabaki ya kukodiwa na vikundi vya wageni. Reli inayotembea mara chache kwa mwezi hula fedha kila siku, maana mvua haingoji watalii ndipo izoe kokoto chini ya mataruma. Kenya yenyewe ina Makumbusho ya Reli ya Nairobi tangu mwaka 1971, yenye injini kubwa ya Garratt nambari 5918, Mount Gelai, iliyotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwashwa moto na kutembea tena. Baadaye ilirudi kusimama.

Usalama nao una bei. Mji wa Memphis nchini Marekani ulilazimika kusimamisha tramu zake za kale mwaka 2014 baada ya mbili kushika moto, na haukuzirudisha barabarani hadi mwaka 2018. Mwezi Septemba 2025 kigari cha kamba cha Glória jijini Lisbon, kilichokuwa kipenzi cha watalii, kilichopoka na kuua watu 16. Chombo cha zamani kinachobeba watu hudai ukaguzi mkali kuliko kipya, na mafundi wake ni adimu.

Udhaifu wa pili hauna uhusiano na fedha. Urithi huu ni wa nani? Simulizi inayouzwa ni ya maofisa, simba na nishani. Mwaka 1915 Waingereza waliwahamisha kwa nguvu watu wa Kasigau hadi Malindi, wakiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani, na wengi hawakurudi. Maelfu ya wapagazi wa jeshi walikufa kwa maradhi na uchovu, nao ndio waliobeba chakula na risasi pale reli ilipoishia. Treni ya urithi inayopita chini ya milima ya Taita bila kuyataja hayo itakuwa tamasha la watu wengine katika ardhi ya wenyewe.

SGR hadi Taveta

Hoja ya pili inawavutia zaidi vijana: mambo ya kale ya nini? Tandikeni reli ya kisasa kutoka Voi hadi Taveta, iendelee Moshi na Arusha. Wanaoitetea wana jambo moja la maana sana. SGR ya Kenya na ile ya Tanzania, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kwa umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, zina upana uleule wa milimita 1,435. Tanzania ina mpango wa kupeleka SGR yake kutoka Tanga hadi Arusha na Musoma. Siku mitandao hiyo itakapotaka kushikana mikono upande wa kaskazini, pengo la Voi na Taveta ni miongoni mwa mahali pafupi zaidi pa kufanyia hivyo.

Tatizo ni bei. SGR ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita kama 472, iligharimu takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Hiyo ni karibu shilingi milioni 690 kwa kila kilomita, injini na stesheni zikiwemo. Kwa kipimo hicho, kilomita 110 za Taveta zingekaribia bilioni 76. Hesabu hii ni ya mkononi tu, kwani tawi dogo lisilo na madaraja marefu lingekuwa nafuu, ila linatoa picha. Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa na wakazi 340,671 katika sensa ya 2019, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mbuga ya Tsavo. Abiria wa hapa peke yao hawawezi kulipa deni la namna hiyo. Lazima mizigo ya Tanzania ipite, na Tanzania ina Tanga yake ya kuijali.

Kuna pia tembo. Nyanda za kati ya Tsavo mbili, kuanzia Maktau hadi hifadhi ya LUMO, ndizo mapito yao. SGR kuu ilijengewa tuta refu, uzio na vivuko vya chini, na bado tembo wamewahi kugongwa. Tuta la pili la namna hiyo lingekata nyanda zilezile kwa upande mwingine. Reli ya zamani, iliyolala karibu sawa na ardhi, haimzuii tembo kuvuka. Kwa mara moja, ujenzi wa harakaharaka wa mwaka 1915 umegeuka kuwa fadhila.

Uzoefu wa Addis Ababa nao unastahili kutazamwa. Mwezi Septemba 2015 jiji hilo lilifungua tramu ya kisasa ya kilomita 34, yenye treni 41, iliyojengwa kwa mkopo wa China. Miaka michache baadaye zaidi ya nusu ya treni hizo zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri, na fedha za kigeni za kuviagiza hazikuwepo. Upya wa chombo hauzuii kufa kwake iwapo kila skrubu lazima itoke ng'ambo.

Kiberenge cha kila siku

Katikati ya hoja hizo mbili imejibana ya tatu, isiyo na sherehe: karabatini njia ya zamani jinsi ilivyo, upana uleule wa mita moja, mweke treni nyepesi ya kila siku. Wafanyakazi wa reli wana neno lao la kigari chepesi kinachotembea juu ya reli: kiberenge. Kinachopendekezwa hapa ni kiberenge kilichokua kidogo, chenye injini ndani ya behewa lenyewe.

Kenya imekwisha kulifanya jambo hili. Mwaka 2020 Shirika la Reli lilinunua treni za aina hiyo zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, kwa sababu moja ya wazi: nazo zilikuwa za upana wa mita moja. Ziliingizwa katika safari za Nairobi, ikiwemo ile ya kuwatoa abiria wa SGR Syokimau na kuwafikisha katikati ya jiji. Huko reli kongwe inailisha reli mpya, na hakuna anayeona ajabu. Dar es Salaam ilitangulia. Oktoba 2012 treni za abiria wa mjini, ambazo wananchi walizibatiza jina la Mwakyembe kwa kumtaja waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilianza kutembea juu ya reli za zamani za mashirika ya TRL na TAZARA.

Gharama ni ya dunia nyingine. Ukarabati wa njia ya Nanyuki mwaka 2020, uliotumia pia nguvukazi ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) na wanajeshi, ulitajwa kumeza kama shilingi bilioni 1.8 kwa zaidi ya kilomita 170. Ni kama milioni 10 kwa kilomita, chini ya sehemu moja kwa sitini ya SGR. Tofauti hiyo inanunua vitu tofauti, bila shaka. Treni ya Nanyuki ni ya mwendo wa pole, na ilianza na safari ya wikendi, Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi, jambo linalofaa wenye kwenda kustarehe kuliko mwenye kuwahi kazini.

Watetezi wa njia hii hupenda kutaja ndizi za Taveta. Hapo ndipo hoja yao inapohitaji kupimwa kwa karibu. Chukua mkungu mmoja sokoni Taveta. Kwa lori unapakiwa mara moja, unashushwa mara moja Kongowea, Mombasa, na mwenye mali anaweza kukaa na dereva njia nzima. Kwa kiberenge na SGR unapakiwa mkokoteni, unashushwa stesheni, unapakiwa behewa, unashushwa Voi kwa sababu reli ya mita moja haiingii juu ya ile ya SGR, unapakiwa tena, unashushwa Miritini, iliko stesheni ya SGR ya Mombasa, unapakiwa lori dogo, ndipo unashushwa Kongowea. Mara nane badala ya mbili. Kila kuinuliwa kuna hela ya mpakizi na ndizi kadhaa zilizopondeka. Ndizi, basi, hazitarudi relini kwa hiari, hata nauli ikiwa nusu. Zinazoweza kurudi ni bidhaa zisizopondeka na zenye uzito: saruji, mbolea, mkonge wa Mwatate, chuma na mawe. Na abiria, ambao wana sifa ya kujishusha wenyewe.

Lami imetosha?

Wapo wanaosema: acheni, barabara ipo. Hoja yao ni fupi na haina matobo mengi. Barabara ya Arusha, Holili, Taveta hadi Voi iliwekwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili kilifunguliwa mwaka 2016. Safari iliyokuwa ya vumbi na mashimo ya kutwa sasa ni ya saa chache. Matatu humchukua abiria mlangoni, huondoka likijaa, wala halihitaji mtu wa ishara wala taruma.

Wasichokihesabu ni kwamba lami nayo huchakaa, na inayoichakaza zaidi ni ile mizigo mizito ambayo reli ingeibeba. Mwenye lori hailipii barabara yote anayoila. Mwenye reli huilipia reli yake hadi kokoto ya mwisho. Kulinganisha nauli zao bila kutaja hilo ni kulinganisha mpangaji na mwenye nyumba.

Ufunguo uko katika mifuko miwili

Mkanganyiko wa umma unazidishwa na swali la nani hasa mwenye uamuzi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka reli mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti ina barabara zake, usafiri wa umma wa ndani na utalii wa ndani. Gavana wa Taita Taveta, awe nani, hawezi kuamuru treni itembee. Anaweza kuomba, kusukuma, kuchangia, na kujenga stendi ya matatu mlangoni mwa stesheni. Ahadi ya reli inayotolewa na mgombea wa kaunti ina uzito wa barua ya maombi.

Mfuko wa pili uko ng'ambo. Tanzania ilirudisha treni za mizigo kati ya Tanga na Moshi mwaka 2019, na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika Moshi Desemba mwaka huohuo, yote juu ya reli ya mita moja. Kwa hiyo Kahe iko hai. Kinachokosekana ni treni katika kipande cha kutoka Kahe hadi Taveta, na nia ya kukifufua. Mtanzania anayetafakari mradi huo ataona kile ambacho Tanga iliona miaka mia moja iliyopita: reli inayozisogeza shehena za Kilimanjaro kuelekea bandari ya nchi jirani. Kenya ikimwomba amsaidie kufungua njia hiyo, sharti iwe na kitu cha kumpa mkononi.

Kuziweka mizanini

Ukizitazama hoja zote kwa pamoja, makosa yake yanafanana: kila moja inachanganya njia, chombo na kazi. Njia inaweza kuwa ya zamani, chombo kikawa kipya, na kazi ikawa ya kila siku. San Francisco imeonyesha mpangilio mwingine. Tangu mwaka 1995 tramu zilizoundwa katikati ya karne ya 20 zinapita Market Street kama usafiri wa kawaida, mwanafunzi na mtalii wakikaa benchi moja na kulipa kwa ratiba moja. Urithi ule haufi kwa sababu una abiria wa Jumanne asubuhi. Wa Eritrea, ulio mzuri kuupita, hauna abiria huyo.

Kwa mizani hiyo, SGR ya Taveta inabaki kuwa swali la mataifa mawili na la miaka mingi ijayo, na kitu cha busara kwa sasa ni kulilinda eneo la hifadhi ya reli lisigawanywe viwanja, maana ndimo itakamopita ikija. Treni ya urithi peke yake ni mzigo kwa kaunti isiyo na uwezo wa kuubeba. Lakini yaliyo rahisi hayangoji: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu stesheni na maeneo ya vita kutangazwa rasmi kuwa ya kuhifadhiwa. Tangazo hilo halihitaji injini hata moja.

Kinachobaki ni kiberenge, na hata hicho kwa vipande. Kuanzia Taveta ni kujitafutia hasara, kwa kuwa pale lami inashinda. Kipande chenye matumaini ni cha Voi hadi Mwatate, kama kilomita 30. Mwatate ndipo penye makao ya kaunti, shamba la mkonge lililo miongoni mwa makubwa duniani, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta chenye wanafunzi wanaotoka nyumbani na kurudi kila muhula wakiwa na masanduku. Wengi wao hushuka Madaraka Express na kuingia mikononi mwa boda boda.

Tatizo lake linajulikana pia. Stesheni mbili za Voi hazigusani, na kiberenge kikiishia ile ya zamani, abiria wa SGR atapanda tuktuk kwanza ndipo apande treni, na akishapanda tuktuk ataona heri aende nayo hadi stendi ya matatu. Mombasa ilikumbana na shida hiyohiyo Miritini, ikabidi lijengwe daraja na kipande kipya cha reli ya mita moja cha kuirudisha safari kisiwani. Voi haihitaji daraja la baharini. Inahitaji kilomita chache za reli ya kuunganisha, na ratiba inayoingoja Madaraka Express hata ikichelewa nusu saa. Kuhusu kuendelea hadi Maktau, abiria wa kilomita hizo thelathini za kwanza wahesabiwe kwanza, angalau mwaka mzima.